Mjumbe Hauawi: Uraia wa Dunia katika Kusadikika ya Shaaban Robert

UTANGULIZI

Makala hii inakusudia kuchunguza dhana ya uraia wa dunia kama inavyojitokeza katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Huenda msomaji akaona ajabu dhana hii kuhusishwa na hadithi ambayo kwa miaka mingi imefundishwa kama istiari ya utawala wa kikoloni katika Tanganyika. Usomaji huo hatuupingi. Nchi ambayo mtu anayewafundisha wenziwe sheria hushtakiwa kama mhalifu haiwezi kusomwa pasi na kukumbuka mahali na wakati ilipoandikwa. Hata hivyo, yaelekea usomaji huo umetuzoesha kukitazama kitabu kwa upande mmoja tu, upande wa mtawala na mtawaliwa, hata tukawapita njiani wahusika sita wanaobeba sehemu kubwa ya hadithi yenyewe. Hao ni wajumbe waliotumwa nje ya Kusadikika, wakarejea, wakafungwa.

Swali letu ni jepesi kulitaja: kwa nini walifungwa? Hawakutoroka nchi yao, walitumwa. Hawakuleta silaha wala maadui; walileta habari. Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu la swali hili linatupa maelezo ya uraia wa dunia yaliyo ya ndani zaidi kuliko yale yaliyozoeleka, ambayo humwita raia wa dunia mtu aliyesafiri sana, anayejua lugha nyingi, asiyebanwa na kabila wala mipaka. Kwa Shaaban Robert, kama tunavyomsoma, uraia wa dunia haupimwi katika kwenda bali katika kurejea. Tena kipimo hicho hakimhusu msafiri peke yake. Kinamhusu pia mwenyeji anayempokea.

NENO NA MAANA YAKE

Kabla ya kuingia kitabuni yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Neno raia tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Raia, kwa maana hiyo ya kale, ni mtu aliye chini ya mchungaji, yaani mtawala. Mwananchi ni neno la namna nyingine: ni mwana wa nchi, na mwana ana haki ya urithi kwa mzazi wake. Sasa tukisema "raia wa dunia" hatuna budi kujiuliza mchungaji wa kundi hilo ni nani. Dunia haina mfalme, wala haina baraza ambalo mnyonge yeyote aweza kuliendea asubuhi akasikilizwa kabla ya jua kuchwa. Neno hilo, likiachwa hivi hivi, linataja haki ambayo haina wa kuitekeleza.

Wala Kiswahili hakikuzoea kuitazama dunia kama nchi ya kudaiwa uraia. Wahenga husema dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Na mshairi wa Kiswahili wa zamani anapoitaja dunia, aghalabu huwa anaonya. Walimwengu ni watu wa kutahadhari nao. Fauka ya hayo, tuna methali kali isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kwa mujibu wa methali hii, mtu anayeutupa unasaba wake hapandi cheo cha kuwa mtu wa watu wote. Anashuka chini ya watu wote, kwa sababu mtumwa ndiye aliyekuwa mtu asiye na jamaa wa kumdai.

Lakini haitupasi kuharakisha kusema kwamba lugha hii imejifungia. Bandari za pwani yetu zilipokea majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi, na msamiati wa Kiswahili wenyewe ni ushahidi wa mapokezi hayo. Watu wale wale waliosema mkataa kwao ni mtumwa ndio waliosema tembea uone, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Na baharia wao akaongeza kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tukizisoma methali hizi pamoja twaona kwamba hazipingani. Zinaeleza mwendo mmoja: mtu huondoka kwao, huona, hupokewa ugenini, kisha hurejea na alichokiona. Kwa maoni yetu, Kusadikika kimejengwa juu ya mwendo huo, na msiba wake unatokea katika hatua ya mwisho.

WAJUMBE SITA

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama, mhusika mkuu, ameletwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa mashtaka ya Waziri Majivuno kwamba ameanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama hajitetei kwa kukana. Anajitetea kwa kusimulia. Analieleza baraza habari za Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao kwa nyakati mbalimbali walitumwa kwenda pande nne za dira, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na habari za kuifaa nchi, na malipo ya kila mmoja yakawa gereza. Mwishoni utetezi huu unashinda; wafungwa wanafunguliwa na Karama anatoka huru.

Mambo manne katika muundo huu yanastahili kutazamwa kwa makini.

La kwanza ni majina. Wahakiki wengi wametaja kwamba Shaaban Robert huwapa wahusika wake majina yanayobeba tabia zao, na baadhi yao wameiona mbinu hiyo kuwa nyepesi mno, kwa kuwa mhusika wa namna hiyo hawezi kubadilika wala kutushangaza. Lawama hiyo ina haki yake tukimsoma mhusika mmoja mmoja. Lakini hebu tuyasome majina ya wajumbe kama orodha. Buruhani ni hoja iliyo wazi. Fadhili ni hisani. Kabuli ni kukubali. Auni ni msaada. Ridhaa ni uradhi. Amini ni uaminifu. Hizi si tabia za mtu aliyekaa peke yake. Kila mojawapo yahitaji watu wawili: hoja ina anayeitoa na anayeisikia, hisani ina mtoaji na mpokeaji, na uaminifu una anayeaminiwa na anayeamini. Ni mambo yanayowawezesha wageni kuishi pamoja. Nchi iliyoyafungia yote sita gerezani imebaki na Majivuno peke yake barazani, naye ndiye anayesema kwa niaba yake.

La pili ni marudio. Msomaji wa leo huchoka mara nyingine kwa kuwa kila mjumbe huenda, huona, hurejea na hufungwa, na akishajua habari ya mjumbe wa pili anaweza kuikisia ya wa tatu. Sisi twaona kwamba marudio hayo ndiyo hoja ya Karama. Kifungo kimoja chaweza kuwa kosa la hakimu. Viwili vyaweza kuitwa hofu ya wakati mbaya. Lakini sita ni desturi, na desturi ya namna hiyo haiwezi kusingiziwa mtu mmoja. Karama anafanya kazi ya mwanasheria hasa: analeta mashauri yaliyopita ili baraza lione kwamba linalotaka kumfanyia yeye limekwisha kufanywa mara sita, na mara zote sita nchi ndiyo iliyopata hasara.

La tatu ni safari ya ardhini. Miongoni mwa nchi sita za kigeni ambazo watu wa Kusadikika walitaka habari zake, mojawapo ni ardhi hii tunayoishi sisi wasomaji. Mwandishi hakulipigia jambo hili parapanda, na labda ndiyo maana hupitwa. Kwa watu wa Kusadikika, ardhi ni ugenini. Hivyo msomaji aliyekuwa amekaa kwa raha akiwatazama watu wa angani kama watu wa ajabu, ghafula anajikuta yeye ndiye anayetazamwa, na nchi yake imo katika orodha ya mahali pa mbali. Hatujui mbinu iliyo bora kuliko hii ya kumfundisha mtu kwamba kila kwao ni ugeni kwa mwingine. Dunia, katika kitabu hiki, si nyumba kubwa inayozikusanya nchi zote. Ni mahali pamoja kati ya mahali pengi, na anayetoka hapo ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni sababu ya kifungo. Kiswahili kina kanuni isemayo mjumbe hauawi. Kanuni hiyo humlinda mjumbe na adui. Hudhani kwamba hatari iko kule anakokwenda. Katika Kusadikika mambo yamepinduka. Ugenini mjumbe alipokewa, akaonyeshwa, akaelezwa. Hatari ilimngoja kwa waliomtuma. Yafaa tuone jinsi jambo hili lilivyo na mantiki yake kwa upande wa watawala. Kabla mjumbe hajarudi, nchi yenyewe ndiyo kipimo cha mambo yote. Umaskini uliopo ni umaskini wa lazima, ujinga uliopo ni desturi, na hukumu ya mkubwa ni haki, kwa kuwa hapana kingine cha kulinganishia. Mjumbe akisema kwamba kwingine watu wanaishi namna nyingine, hata kama hamlaumu mtu, amekwisha kuuliza swali: basi sisi kwa nini tunaishi hivi? Kinachofungwa gerezani ni kipimo hicho.

Hapa ndipo tunapoweza kuziunganisha sehemu mbili za kitabu ambazo kwa kawaida husomwa kama hadithi na fremu yake. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha sheria. Wajumbe walifungwa kwa kuleta habari za nchi nyingine. Kwa nini mwandishi ameweka mambo haya mawili pamoja? Kwa sababu sheria nayo ni kipimo ambacho mtawala hakukitengeneza kwa ajili yake peke yake. Anayejua sheria anaweza kuilinganisha amri na haki, kama vile aliyesafiri anavyoweza kuilinganisha nchi yake na nchi ya jirani. Mwanasheria na msafiri wanaudhi kwa sababu moja. Na ndiyo maana Karama, alipotakiwa kujitetea kuhusu shule yake, hakuzungumza sana habari za shule. Alizungumza habari za safari.

Tena yafaa tukumbuke kwamba Karama hakukimbia. Alijua nchi zilizo njema kuliko yake, maana yeye ndiye anayesimulia habari zake barazani, lakini hakuiomba hata moja impe hifadhi. Alisimama mbele ya baraza la nchi ile ile iliyotaka kumwangamiza, akaliomba lisikie. Mtu anayejiita raia wa dunia ili apate udhuru wa kuikimbia nchi yake katika taabu hapati msaada wowote katika kitabu hiki.

MWANDISHI NA FORODHA

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kazi iliyomweka kwa miaka kumi na minane katika bandari za pwani, ndipo akahamishiwa idara nyingine za serikali. Hatutaki kudai kwamba Kusadikika kilitoka moja kwa moja katika daftari zake za forodha. Dai hilo halina ushahidi. Lakini kazi hiyo inasaidia kueleza msimamo wake. Forodha ni mlango wa nchi. Kazi ya karani si kuzuia bidhaa isiingie, wala si kuiachia kila bidhaa ipite bila kutazamwa. Ni kuifungua, kuikadiria na kuiandika. Nchi isiyo na forodha hupokea kila kitu, pamoja na vya kuidhuru; na nchi ambayo forodha yake hutaifisha kila kinacholetwa hufa njaa huku majahazi yamejaa bandarini. Katika hadithi yetu, baraza la Kusadikika lilikuwa na haki ya kuzikagua habari za wajumbe. Kosa lake ni kwamba halikuzikagua. Lilimkamata aliyezileta.

Ipo kazi nyingine ya mwandishi huyu inayopaswa kutajwa hapa, ingawa haipendwi sana na wahakiki. Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake, unasimulia vita vya dunia vya 1939 hadi 1945. Katika miaka ya 1970, wahakiki waliofuata mkabala wa kitabaka waliona taabu na kazi za namna hii: mtawaliwa anawezaje kuviita vita vya mtawala wake vita vya uhuru? Swali ni la haki. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa mpaka Burma kupigania uhuru ambao kwao haukuwapo. Lakini laweza kujibiwa kwa namna mbili. Yawezekana mwandishi alidanganyika na maneno ya wakubwa. Na yawezekana pia aliyachukua maneno hayo kwa uzito kuliko walioyasema. Mtu akiandika kwa lugha yake, kwa ukamilifu wa utenzi, kwamba vita fulani vilikuwa vya uhuru wa wanadamu, ameandika hati ya deni. Na aliyejiandikisha kuwa mpiganaji wa uhuru hawezi baadaye kumnyima jirani yake uhuru ule ule bila kuonekana mdanganyifu. Tukiukumbuka utetezi wa Karama, ambaye naye hulishika baraza kwa heshima yake lenyewe, twaelekea kulikubali jibu la pili, ingawa hatuwezi kusema kwamba la kwanza halina nguvu.

UPUNGUFU WA KITABU

Kumsifu mwandishi mkubwa bila kumpinga ni njia nyingine ya kumfungia. Kuna mapungufu matatu katika maono ya Kusadikika ambayo yanagusa hoja yetu.

Kwanza, safari zote ni za upande mmoja. Kusadikika inatuma watu kwenda kujifunza, lakini hatusikii kwamba nchi nyingine ilituma mjumbe wake Kusadikika kujifunza lolote. Wema uko nje, upungufu uko ndani. Jambo hili ni la hatari kwa msomaji wa nchi iliyotawaliwa, ambaye kwa muda mrefu alifundishwa kwamba kila kizuri hutoka ng'ambo. Uraia wa dunia ambao mmoja ni mwalimu siku zote na mwingine mwanafunzi siku zote hauna tofauti kubwa na ukoloni ambao kitabu chenyewe kinaushambulia. Katika Wasifu wa Siti binti Saad Shaaban Robert aliligusa jibu la upungufu huu. Siti, aliyezaliwa kijijini Unguja katika hali ya unyonge, alikwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri, na santuri hizo zikasikilizwa pwani nzima. Huyo alikwenda ng'ambo akiwa na kitu cha kutoa. Ni bahati mbaya kwamba Kusadikika hakikuwa na mjumbe wa namna yake.

Pili, na hili linafuata la kwanza, wajumbe wote ni wanaume, kama lilivyo baraza. Mwandishi aliyeona mbali kiasi cha kumfanya mwimbaji mwanamke shujaa wa wasifu hakuona kwamba nchi inayomtuma nje mwanamume peke yake hurudishiwa nusu ya habari.

Tatu, wokovu unatoka juu. Mfalme akiisha kusikia anageuka, milango ya gereza inafunguliwa. Wahakiki wa mkabala wa kitabaka walikuwa na haki waliposema kwamba mwandishi aliuamini mno wema wa mkubwa aliyeshauriwa vizuri. Hata hivyo twaongeza jambo moja: kilichomgeuza mfalme ni hoja iliyotolewa hadharani, mbele ya watu waliosikia kila neno. Baada ya siku hiyo, Kusadikika haiwezi tena kusema kwamba haikujua. Kama mageuzi hayakutoka kwa umma, angalau ushahidi uliwekwa mikononi mwa umma.

WAJUMBE WALIOKUWAPO KWELI

Kuna haja ya kuuliza kama mfano wa Shaaban Robert unalingana na historia ya wasafiri wetu wenyewe. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifika Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani. Alieleza safari yake kwa Kiswahili, na maelezo hayo yakatiwa na Carl Velten katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliochapishwa Göttingen mwaka 1901, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani. Hatuna shaka kwamba kazi hii ni hazina. Lakini tazama ilivyopokewa. Mjumbe aliona barafu na miji ambayo wachache mno wa pwani walipata kuiona, akasema kwa lugha ya kwao, na waliopewa habari zake kwanza walikuwa wanafunzi wa Kijerumani waliotaka kujua Kiswahili. Lyndon Harries alipozichapa upya baadhi ya habari hizo mwaka 1965, bado zilikuwa katika kitabu cha wataalamu. Hakuna aliyemfunga Selim bin Abakari. Hata hivyo habari zake zilichukua miaka mingi mno kufika nyumbani, na nyumbani zilifikia katika maktaba. Hiki nacho ni kifungo cha namna yake, na gereza lake halina mlinzi wa kulaumiwa.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu, na unafanana na Kusadikika zaidi. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alifungwa tangu 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Baada ya kifungo aliishi na kufanya kazi Dar es Salaam, London na Leipzig, na wanafunzi wa mataifa mengi wamejifunza Kiswahili kwake. Dunia ilimpokea. Lakini msomaji wa Kusadikika ataona kwamba utaratibu ulikuwa ule ule: kwanza gereza, kisha heshima, na nchi iliyotoa heshima ilikuwa ile ile iliyotoa kifungo. Tofauti iliyopo ni kwamba Karama alisikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

URAIA WA KARATASI

Yawezekana kusema kwamba haya yote ni mambo ya wasomi na washairi. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwaruhusu wazaliwa wa nchi hii kushika pia uraia wa nchi nyingine, nalo lilikuwa jambo jema kwa Wakenya walio ng'ambo. Lakini wakati huo huo, katika pwani yetu, waliishi watu wasiokuwa na uraia hata wa nchi moja. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walizaa watoto na wajukuu katika Kwale bila kitambulisho. Ilikuwa mwaka 2016 walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 ndipo walipopewa vitambulisho. Washona walifuata mwaka 2021. Wapemba, wavuvi ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili hiki hiki tunachokihakiki, walitambuliwa mwaka 2023.

Kwa watu hawa, kusifiwa uraia wa dunia kungekuwa dhihaka. Asiyekuwa na karatasi ya kata yake hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti benki, wala kupata pasi ya kusafiria. Walikuwa walimwengu kwa maana chungu ya neno hilo: watu wa ulimwengu kwa kuwa hapana nchi iliyowakubali. Mfano wao unathibitisha kwamba uraia wa dunia hauwezi kuwekwa badala ya uraia wa nchi. Unaanzia mlangoni mwa nchi, katika namna mwenyeji anavyomtendea mgeni ambaye amekwisha kuwa jirani. Tena inafaa tuone kwamba Wamakonde walifanya kama alivyofanya Karama. Hawakwenda ng'ambo kuomba huruma. Waliiendea serikali ya nchi waliyozaliwa, wakataka isikie.

HITIMISHO

Tulianza kwa kuuliza kwa nini wajumbe wa Kusadikika walifungwa, na tumeona kwamba walifungwa kwa kuwa walirudi na kipimo. Kutokana na jibu hilo twaweza kusema mambo mawili kuhusu raia wa dunia. Kwanza, ni mtu mwenye kwao, anayetoka na kurejea, na ambaye aliyoyaona kwa watu wengine huyafanya kuwa deni kwa watu wake. Pili, hakamiliki peke yake. Kunahitajika nchi iliyo tayari kumsikia, nayo ikague habari zake pasi na kumkamata.

Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na idara kama zetu huiadhimisha kila mwaka kwa mashairi na hotuba. Ni haki tufurahi. Lakini Kiswahili nacho ni mjumbe. Kimekwenda mbali na kinafundishwa katika vyuo vya mabara mengi. Kinarudi kwetu kikiwa na tafsiri, na uchunguzi wa wageni, na mashairi ya wana wa nchi walioandika ugenini. Ni mangapi kati ya hayo yamo katika maktaba zetu, na ni mangapi yanafundishwa katika madarasa yetu? Swali hili halimhusu mfalme wala Waziri Majivuno. Linamhusu mwalimu anayeandaa orodha ya vitabu vya muhula ujao, na lingefaa kujibiwa kabla orodha hiyo haijapigwa chapa.